Utalii wa shambani: mwongozo kwa chuo kinachotaka kusaidia kijiji kinachoisha watu

Maswali yanayokuja ni yale yale kila siku. Tuanze na mfadhili au tuanze na wakulima? Lazima tujenge nyumba za wageni? Wanafunzi wakifika huko wafanye nini hasa? Basi nimeona niyajibu yote hapa kwa mpangilio, yaani ukifuata kuanzia juu mpaka chini unaweza kuanza.

Naongea na wewe mhadhiri, mkuu wa idara, mtu wa ofisi ya miradi, au hata mwanafunzi mbishi, ambaye chuo chako kina vijiji jirani ambavyo vijana wameshaondoka, madarasa ya shule yana watoto wachache kila mwaka, mashamba mengine yameota vichaka na waliobaki wengi ni wazee. Kama wewe ni mkulima soma pia, hasa hatua ya 3 na ya 5, maana hapo ndo chuo huwa kinakupunja bila hata chenyewe kujua.

Tuelewane kwanza. Utalii wa shambani ninaousema ni mgeni kuja kwenye shamba linalofanya kazi kweli, anashiriki kuvuna au kusindika, anakula, pengine analala, ananunua mazao anaondoka. Hoteli yenye bustani nzuri haimo humu. Italia waliliweka hili kwenye sheria tangu 1985 wakalirudia kwenye sheria ya 2006, kwamba kilimo lazima kibaki ndo kazi kuu na kupokea wageni kuwe kumeshikamana nacho. Hata kama nchi yako haina sheria kama hiyo jiwekeeni wenyewe, kwa sababu siku shamba likiacha kulima mgeni hana tena cha kuja kuona.

Na chuo kina nini ambacho kijiji hakina? Vitu vitatu. Kina wageni wa katikati ya wiki, kina watu wa fani nyingi chini ya paa moja, na kina uwezo wa kuwepo miaka mingi. Cha ajabu vyuo vingi vinaacha hivyo vitatu vyote vinapeleka cha nne ambacho hakuna aliyekiomba, ripoti.

Unachohitaji kabla hujaanza

- Mratibu mmoja anayelipwa kwa kazi hii, kwa angalau miaka mitatu. Lekchara mwenye kozi nne na wanafunzi wa kusimamia sio mratibu, hata kama ana moyo kiasi gani.
- Wakulima watatu mpaka sita waliokubali wenyewe. Waliochaguliwa na mwenyekiti kwa sababu ni jamaa zake hawahesabiki.
- Mtu mmoja wa kijijini atakayepokea simu za wageni na kupanga nani anaenda kwa nani.
- Bima inayomkinga mkulima mgeni akiumia, na inayowakinga wanafunzi.
- Usafiri wa uhakika wa kufika na kurudi.
- Hela kidogo ya vyoo, maji ya kunawa yanayotiririka, na vibao vya njia.

Usichohitaji kwa sasa ni jengo jipya, programu ya simu, nembo, wala uzinduzi wenye mgeni rasmi. Hivyo vyote vinakula bajeti ya mwaka wa kwanza na havileti mgeni hata mmoja.

Hatua ya 1. Nenda kijijini ukiwa huna mradi mkononi

Nenda ukae, tembea, uliza. Usiende na makaratasi ya maswali kwanza. Unachotafuta ni vitu vya kawaida tu: nani anaishi wapi, ana umri gani, ana mtu wa kumrithi shamba au hana, nyumba gani hazina watu na funguo ziko kwa nani, nani anajua kusindika kitu ambacho wengine wamesahau, barabara gani haipitiki mvua ikinyesha. Uliza pia walioondoka wako wapi na wanarudi lini, kwa sababu wengi huwa wanarudi kwenye mapumziko na misiba na harusi na hao ndo wateja na watangazaji wa kwanza, halafu baadhi yao wanatafuta sababu ya kurudi moja kwa moja ila hawajaiona.

Angalizo: ukikuta kijiji kimeshachoka na watafiti, utajua. Watakujibu kwa upole na hawatakuuliza swali hata moja. Hapo usilazimishe, rudi na kitu wanachokihitaji kwanza, kupima udongo wao na kuwaletea majibu kwa lugha wanayoelewa ni mwanzo mzuri kuliko warsha.

Hatua ya 2. Chora kalenda ya shamba

Hii kazi ndogo inaokoa mambo mengi. Chukua kila shamba, andika mwezi kwa mwezi nini kinafanyika, kupanda, kupalilia, kuvuna, kuzalisha mifugo, kusindika, na pembeni andika mkulima ana nafasi kiasi gani. Halafu weka kalenda ya chuo juu yake. Utaona mara moja tatizo ambalo wengi wanaligundua wakiwa wameshachelewa, kwamba semista na msimu wa mavuno havionani, au vinagongana na mitihani.

Pia utaona kitu kizuri. Mgeni anapenda mavuno, lakini mavuno ndo wakati mkulima hana hata dakika. Kwa hiyo vitu vya kuuza viwe vya miezi iliyolegea, kusindika, kupogoa, kutengeneza mbegu, kujifunza udongo, kutembea mashambani na mwenyeji anayejua kila mti. Mavuno yaachie siku chache zilizopangwa, na kundi dogo.

Hatua ya 3. Andikeni makubaliano, na msiyafiche kwenye lugha ya kisheria

Kurasa mbili zinatosha. Yaandikwe kwa lugha ya kijiji na yasomwe kwa sauti mbele ya watu. Mambo yasiyoruhusiwa kukosekana:

Nani analipwa nini na lini. Malipo ya mkulima yatoke ndani ya siku chache baada ya wageni kuondoka. Hapa ndo vyuo vinaua miradi yao wenyewe, kwa sababu mfumo wa malipo wa chuo unataka risiti, namba ya mlipakodi, fomu tatu na saini ya mtu aliyeko likizo, na mkulima anasubiri miezi kadhaa hela ya chakula alichopika jana. Kaa na mhasibu wa chuo KABLA ya kundi la kwanza, omba utaratibu maalum, mkishindwa malipo yapitie ushirika wa kijiji ambao unalipwa mapema.

Kundi likighairi inakuwaje. Mkulima ameshanunua vitu, ameshaacha kazi yake, halafu anapigiwa simu asubuhi kwamba basi limeharibika. Wekeni fidia.

Taarifa na picha ni za nani. Kama mwanafunzi anaandika tasnifu kuhusu mbegu za bibi fulani, bibi ajue, akubali, na apate nakala. Maarifa yakitoka kijijini yakawa bidhaa ya mtu mwingine hapo mmeongeza umaskini, hamjaupunguza.

Na mwisho wake. Andikeni mapema chuo kitaondokaje na nini kitabaki mikononi mwa kijiji: namba ya simu, orodha ya wateja, ukurasa wa intaneti, vifaa. Ukurasa ulioandikishwa kwa jina la mtafiti unakufa siku mtafiti anahama.

Hatua ya 4. Ruhusa na sheria

Kulaza wageni, kuwauzia chakula, kuwasafirisha, kila kimoja kina idara yake ya serikali, na nyingi ya sheria hizo ziliandikwa kwa ajili ya hoteli. Mkulima mmoja hawezi kuzipambania. Chuo kinaweza, kina kitivo cha sheria, kina wataalamu wa afya na watu wanaojua kuandika barua ikasomwa.

Mfano mzuri ni Ajimu, kwenye mkoa wa Oita huko Japani. Familia za wakulima zilianza kulaza wageni majumbani mwao 1996, kwa mtindo wa uanachama kwa sababu nyumba zao hazikukidhi masharti ya nyumba za wageni. Walifanya kwa utulivu mpaka mamlaka za mkoa zikalegeza masharti mwaka 2002, na mwaka uliofuata serikali kuu nayo ikaondoa kwa nyumba za wakulima sharti la vyumba vya wageni kufikia jumla ya mita za mraba 33. Ukisoma hiyo habari utaona kwamba sheria ilifuata mfano uliokuwa tayari unafanya kazi. Ila sikwambii uvunje sheria. Anza na kisichohitaji vibali vingi, ziara ya mchana bila kulala, huku wanasheria wa chuo wanakusanya ushahidi na kuongea na wahusika.

Hatua ya 5. Piga hesabu ya jasho, sio ya hela tu

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kupanga bei kwa kuangalia wenzako wanatoza ngapi. Anza na saa za kazi. Chukua mfano wa kundi la watu 25 wanaokaa saa mbili. Maandalizi yanakula saa tatu. Waongozaji wawili kwa saa mbili, hizo nne. Usafi baada ya hapo mbili. Jumla saa tisa za kazi kwa ziara ya saa mbili! Sasa weka vyakula, maji, kuni au gesi, bima, na uchakavu wa choo, halafu uliza: hizo saa tisa zingetumika shambani zingeleta nini? Bei isiyozidi hapo ni hasara yenye tabasamu.

Na angalia saa hizo ni za nani. Mara nyingi hela inaingia kwenye jina la mzee, ila aliyeamka alfajiri kupika na kutandika vitanda ni mkewe au binti. Wanafunzi wa uchumi wawape kila mtu daftari lake la saa kwa mwezi mmoja tu, afu familia ijionee yenyewe. Ni mazungumzo magumu lakini yasipofanyika mradi unaanguka kwa sababu ya uchovu wa mtu ambaye hakuwahi kuulizwa.

Hatua ya 6. Usalama na usafi

Hapa nitakaza kidogo. Mwaka 2009 kwenye shamba la wageni la Godstone, Uingereza, watu 93, wengi wao watoto, waliugua bakteria wa E. coli O157 waliotoka kwa mifugo. Mnyama mwenyewe anaweza kuonekana mzima kabisa. Kwa hiyo:

Kunawa ni kwa maji yanayotiririka na sabuni, na bomba liwe pale pale mgeni anapotoka bandani, kabla hajafika sehemu ya kula. Sanitaiza peke yake haitoshi, mikono ikiwa na kinyesi au udongo haifanyi kazi vizuri. Hakuna kula wala kunywa karibu na mifugo. Mjamzito asikaribie kondoo au mbuzi wanaozaa, kuna magonjwa yanayodhuru mimba. Dawa za kunyunyizia mimea zifungiwe, na siku za kunyunyizia hakuna mgeni.

Upande wa pili, mgeni anaweza kuleta ugonjwa kwa mifugo. Muulize kama ametoka shamba jingine, hasa nje ya nchi, na viatu vioshwe. Uingereza hiyo hiyo mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulifunga njia za mashambani, na utalii nao ukapata hasara kubwa sana. Wataalamu wa mifugo na wa afya wa chuo wapite kila shamba waweke alama za hatari pamoja na mwenyeji, trekta, visima, ng'ombe dume, mbwa. Kazi ya siku moja.

Hatua ya 7. Chuo kiwe mgeni wa kwanza

Ukiniuliza hatua gani moja ningeiacha ya mwisho kuikata, ni hii. Tatizo kubwa la utalii wa shambani ni kwamba wageni wanakuja wikendi na likizo, siku nyingine vyumba vitupu na jiko limepoa. Chuo kinasafirisha watu mwaka mzima: wanafunzi wa fildi, wageni wa kitaaluma kutoka nje, mikutano ya idara, mafunzo ya wafanyakazi wapya. Zote hizo hela zinaenda hoteli za mjini. Hamisha hata sehemu ndogo tu.

Orodhesha safari zote za idara tatu au nne kwa mwaka mzima, chagua zile zinazoweza kufanyika shambani bila kuharibu masomo, ziwekee nafasi mapema kwenye ile kalenda ya hatua ya 2. Chakula cha mkutano kinunuliwe kwa hao hao wakulima. Hapo mkulima anajifunza kupokea wageni kwa watu wanaosamehe makosa, na analipwa wakati anajifunza.

Angalizo la wanafunzi: wasiende kama vibarua wa bure na wasiende kama watalii wa kupiga selfi. Wape kazi yenye alama, wanafunzi wa lugha watafsiri vibao na menyu, wa ubunifu majengo wapime nyumba tupu, wa biashara wafanye hesabu, wa kilimo wakae na mkulima kwenye tatizo halisi la shamba. Na matokeo yarudi kijijini kwa mkutano wa hadhara, wanafunzi wasimame wenyewe wajibu maswali. Wanaogopa hiyo siku kuliko mtihani.

Hatua ya 8. Fundisha watu wa pale pale, hapo hapo

Msiwaite wakulima chuoni, wafuateni. Chuo Kikuu cha Kanazawa huko Japani kilifanya hivyo tangu 2007, kikapeleka mafunzo Suzu, kwenye ncha ya rasi ya Noto ambako watu walikuwa wanapungua, na darasa likawekwa kwenye jengo la shule ya msingi iliyokuwa imeshafungwa. Walengwa walikuwa watu wazima wenye kazi zao, wenyeji na waliohamia. Marekani nako tangu sheria ya 1914 vyuo vinaweka maafisa ugani wake wanaokaa wilayani na wakulima, na leo vyuo kama cha California na cha Vermont vinasaidia wakulima wa utalii kwa njia hiyo hiyo.

Masomo yawe machache: kusimulia shamba lako kwa dakika ishirini bila kuchosha, huduma ya kwanza, usafi wa jikoni, kupiga hesabu, kujibu ujumbe wa mgeni siku hiyo hiyo. Mkulima anajua shamba lake kuliko yeyote, anachokosa ni mazoezi ya kulisema mbele ya watu, basi wawe wanafanyiana majaribio wenyewe kwa wenyewe na kukosoana. Kicheko kipo, na wanajifunza haraka.

Hatua ya 9. Fungua mlango kwa watu wa nje, kidogo kidogo

Baada ya makundi ya chuo kupita msimu mzima ndo utangaze. Vitu viwili au vitatu vya kuuza vinatosha. Namba moja ya simu, ukurasa mmoja wenye picha za kweli, ramani, bei, na nini kimejumuishwa. Wekeni kikomo cha wageni kwa siku na mkiheshimu. Zamu iwe wazi kwenye kundi la WhatsApp la wakulima, kila mtu aone nani kapata nani anafuata.

Hatua ya 10. Pima kitu cha maana

Idadi ya wageni ni namba ya kumfurahisha mfadhili. Pima hela iliyobaki kijijini baada ya gharama, saa za kazi, nyumba ngapi tupu zimepata watu, vijana wangapi wamerudi au wameahirisha kuondoka, na ekari ngapi zilizokuwa vichaka zinalimwa. Pima kabla ya kuanza pia, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha.

Mambo yakienda kombo

*Wageni hawaji.* Kabla ya kulaumu matangazo mpigie mwenyewe yule anayepokea simu, ujifanye mgeni. Mara nyingi simu haipokelewi au jibu linachukua siku nne. Kama simu iko sawa angalia usafiri, mtu asiye na gari anafikaje?

*Wakulima wamegombana kuhusu nani anapata wageni.* Rudisheni zamu iliyoandikwa. Kama mmoja anaombwa na wageni kwa jina, mwacheni ampokee lakini anunue vyakula kwa wenzake. Mratibu asigeuke hakimu, kikao ni cha kijiji.

*Wasiopokea wageni wanalalamika.* Wana haki, magari na kelele wanavipata wao pia. Asilimia fulani ya kila malipo iende kwenye kitu cha wote, maji, barabara, shule, na itangazwe ubaoni kila mwezi.

*Mkulima kachoka, anapokea wageni amenuna.* Mpumzisheni msimu mzima bila kumtoa kwenye orodha. Akikataa kurudi ni sawa, alikuwa mkulima kabla yenu.

*Mgeni anataka shamba lisilonuka.* Tangazo lenu limedanganya. Andikeni wazi kwamba kuna samadi, matope, na jogoo anawika saa kumi usiku.

*Mfadhili kamaliza muda, chuo kimekaa kimya.* Kama mlifanya hatua ya 7 vizuri hii haiumi sana, kwa sababu safari za idara zina bajeti yake ya kila mwaka na haitegemei mradi. Kama hamkuifanya, mpigie mkuu wa idara mmoja tu leo, muulize wanafunzi wake wa fildi wanalala wapi semista ijayo, na uanzie hapo.